Vita na Jembe katika Nchi ya Songea

Katika masomo ya jiografia watoto wetu hujifunza maneno haya: kilimo, uvuvi, ufugaji, biashara, uchumi. Huyaandika katika daftari, na kando ya kila neno maana yake. Kisha neno kilimo hugawanywa mara mbili. Kuna kilimo cha kuhamahama, yaani mtu hufyeka mwitu, huchoma moto, hulima miaka michache, na ardhi ikichoka huenda kwingine. Tena kuna kilimo cha kudumu, ambacho mtu hukaa mahali pamoja na kuitunza ardhi yake. Husemwa kwamba cha kwanza ni cha wazee wetu, na cha pili tuliletewa na wageni. Mimi nami nimefundisha hivyo. Lakini siku moja mtoto mmoja wa Umatengo aliniuliza, "Mwalimu, na ngoro ya babu niiandike upande gani?" Nikamwambia angoje, maana sikuwa na jibu.

Basi, ili kumjibu mtoto yule yatupasa kurudi nyuma. Wangoni walitoka kusini mwa Afrika, wakauvuka mto Zambezi mwaka 1835 wakiongozwa na Zwangendaba, na baada ya kufa kwake wakagawanyika. Baadhi yao wakafika katika nchi hii ya Songea, na katika miaka ya 1860 wakaishika. Walikuwa watu wa vita na ng'ombe. Waliwatoza wenyeji ushuru, wakachukua mateka, na mateka wale ndio waliowalimia.

Wamatengo walikaa magharibi, katika nchi iliyo kati ya Ungoni na Ziwa Nyasa. Yasemekana kwamba kwa hofu ya vita vile walipanda juu zaidi milimani, wakasongamana huko penye miteremko mikali na mapango ya kujifichia. Sasa fikiri, msomaji: watu wengi, ardhi kidogo, tena ardhi yenyewe imeinama kama paa la nyumba. Kuhamahama hakuwezekani, maana kuhama ni kumshukia adui. Na mvua ya masika ikipiga mteremko uliolimwa ovyo, udongo wote huteremka mtoni.

Hapo ndipo ngoro ilipopata kazi yake. Mvua zinapokaribia kwisha, wanaume hufyeka majani marefu, wakayaacha yakauke, kisha huyalaza kwa mistari inayokatana, hata shamba likaonekana kama wavu uliotandazwa mlimani. Wanawake huja na majembe, wakachimba udongo katikati ya kila jicho la wavu na kuyafukia majani kwa udongo ule. Pale palipochimbwa hubaki shimo, na pale penye majani huwa tuta, nalo hupandwa maharage. Mvua za mwaka zikirudi, hupandwa mahindi katika matuta yale yale, na magugu hutupwa mashimoni yaoze. Maji ya mvua hayapati njia ya kukimbia; hutuama katika mashimo, udongo ukatua chini, na majani yaliyofukiwa yakawa mbolea. Baadaye shamba hupumzishwa, kisha mashimo huchimbwa upya.

Nani alianza? Jina lake halikuandikwa. Mabwana shamba wa Kiingereza walipofika huko katika miaka ya 1930 waliistaajabia kazi hiyo, na wakaiandika katika majarida yao, na hali mahali pengi wakati ule walikuwa wakiwalazimisha watu kuchimba matuta ya kuzuia mmomonyoko. Hapa walikuta wanafunzi wamemtangulia mwalimu.

Upande wa Ungoni vita vilifanya kinyume. Mwaka 1905 vita vya Maji Maji vilipowaka, Wangoni waliingia, na Wadachi wakapigana nao kwa bunduki na kwa njaa pia. Ghala zilichomwa moto, mazao yakaharibiwa mashambani, watu wakazuiwa kupanda. Mwaka 1906 Songea Mbano, ambaye mji wetu una jina lake, alinyongwa pamoja na wakubwa wengi. Lakini waliokufa kwa kamba walikuwa wachache mbele ya wale waliokufa kwa njaa iliyofuata. Mahali palipokuwa na vijiji pakaota pori.

Neno uchumi twalipata katika kuchuma. Katika Ungoni wa baada ya vita hapakuwa na cha kuchuma, na kodi ilidaiwa kwa fedha. Kwa hiyo wanaume wengi walikwenda Tanga kukata mkonge, wakaacha wake zao na mashamba. Baadaye, katika miaka kati ya vita kuu mbili za dunia, ilikuja tumbaku upande wa Ungoni na kahawa upande wa Umatengo, na mwaka 1936 kikaundwa chama cha ushirika cha Wangoni na Wamatengo pamoja, kilichojulikana kwa jina la NGOMAT. Wajukuu wa waliokimbizana milimani wakauza mazao chini ya jina moja! Watu wa ziwani, wa Mbamba Bay na Liuli, wana hesabu yao nyingine: usiku wa giza huwasha taa mtumbwini, usipa wakaja kwenye mwanga, na dagaa hao wakikaushwa hupandishwa milimani kwa wala maharage.

Kahawa nayo ilikuwa na gharama yake. Mti wa kahawa hauondoki shambani mwaka hata mwaka kama maharage, hivyo nafasi ya ngoro ilipungua, na watoto wakazidi. Kwa hiyo tangu miaka ya 1960 Wamatengo wengi wameshuka mashariki, katika misitu iliyo upande wa Ungoni, nchi ambayo mababu zao waliikimbia. Miteremko ya huko ni ya taratibu. Hata hivyo wengi wamechimba ngoro.

Mtoto yule nilimwambia aiandike upande wa kilimo cha kudumu, na kando yake aandike jina la babu yake.