Maji ya Kahawa na Mimea ya Kinamasi

Wanachama wenzetu watakumbuka kwamba katika misimu yetu ya kwanza tulihesabu kwa uangalifu kilo za kahawa mbivu zilizoingia mashineni, wala hatukuhesabu madebe ya maji yaliyotoka. Maji yale yalishuka mtoni yakiwa na rangi ya udongo na harufu ya pombe iliyochacha. Jirani zetu wa bondeni walipokuja kulalamika, tuliwajibu kwamba uchafu wa kahawa ni uchafu wa shamba tu, nao hauna sumu.

Jibu hilo halikuwa la haki. Ute unaoshikamana na buni una sukari nyingi, na ukichacha maji huwa makali kama siki. Bakteria wanaoula uchafu huo hutumia oksijeni iliyomo mtoni, samaki wakafa kwa kukosa pumzi.

Taabu hii imevikuta viwanda vingi vya chakula, na dawa yake ilianza kutafutwa mbali. Katika miaka ya 1950, Bibi Käthe Seidel wa Taasisi ya Max Planck mjini Plön, Ujerumani, alipanda katika maji machafu mmea wa ziwani ulio wa jamii moja na mafunjo yetu. Miongoni mwa maji aliyoyajaribu yalikuwamo ya viwanda vya maziwa. Wahandisi wengi walimdharau, wakidhani mimea ingekufa. Haikufa, na mwaka 1974 kinamasi cha kutengenezwa, chenye matete, kilianza kusafisha maji ya mji wa Othfresen nchini humo.

Watu hudhani mmea wenyewe hunywa uchafu. La hasha! Mmea huchukua sehemu ya naitrojeni na fosforasi, lakini kazi kubwa hufanywa na bakteria wakaao mizizini na juu ya kokoto.

Afrika Mashariki nayo haikubaki nyuma. Mwaka 1994 mjini Nairobi, maji machafu ya mkahawa wa Carnivore yalianza kupitishwa katika kitanda cha kokoto chenye mimea, kisha katika mabwawa matatu mfululizo. Huko Chemelil, katika bonde la Nyando, maji ya kiwanda cha sukari yalijaribiwa katika vinamasi vidogo vya mafunjo na vya nyasi ndefu, na matokeo yakachapishwa mwaka 2007. Yatupasa kuangalia jambo moja: maji ya Chemelil yalikuwa yamekwisha kupita katika mabwawa ya kiwanda kabla ya kuifikia mimea.

Sisi hatukuliangalia. Tulipanda matete kwenye mdomo wa mfereji, tukapiga picha, na kabla ya msimu kwisha yalikuwa yamekauka yote. Maji makali namna ile yataka kwanza kupunguzwa kwa kutumiwa tena mashineni, kisha kutulizwa bwawani na kutiwa chokaa. Mafunjo huja mwisho. Nayo hukatwa na kuondolewa, kwani yakiachwa kuoza humo hurudisha majini kile yalichokichukua.

Kazi hiyo yataka ardhi. Kiwanja kilichopimwa kiko chini ya vitanda vya kuanikia, nacho kina mibuni ya mwanachama mwenzetu. Fidia yake italetwa mbele ya Mkutano Mkuu, pamoja na barua ya jirani zetu wa bondeni.