Uanahabari: Mambo ya kuzingatia kabla ya kulipia kozi

KILA matokeo ya mtihani wa Kidato cha Nne (KCSE) yanapotangazwa, wazazi wengi hujikuta wakikabiliwa na swali moja: mwana anayesisitiza kuwa anataka kuwa mwanahabari apelekwe chuo kipi? Swali hilo ni zito kuliko linavyodhaniwa. Wapo wazazi waliouza ng'ombe au kipande cha shamba ili kugharimia kozi ambayo hatimaye haikumfikisha mtoto wao katika chumba chochote cha habari.

Jambo la kwanza kufahamika ni kwamba uanahabari na mawasiliano ya umma si kitu kimoja. Uanahabari ni kazi ya kutafuta, kuthibitisha, kuandika na kuhariri habari. Mawasiliano ya umma ni uga mpana unaojumuisha pia utangazaji, matangazo ya biashara, uhusiano mwema na utayarishaji wa filamu. Mwanafunzi anayependa kuandika habari za mahakamani akijisajili katika kozi inayoegemea matangazo ya biashara, atahitimu akiwa na cheti kizuri cha kazi asiyoitaka. Hivyo basi, asome orodha ya masomo yanayofunzwa, si jina la kozi pekee.

Mafunzo haya yana historia ndefu humu nchini. Taasisi ya Mawasiliano ya Umma Nchini (KIMC), iliyoko mtaani South B, Nairobi, ilianza mwaka wa 1961, na imewafunza mafundi wa mitambo, watangazaji na waandishi wengi. Chuo Kikuu cha Nairobi nacho kilianzisha shule yake ya uanahabari mwaka wa 1970. Leo, vyuo vikuu kadhaa, vikiwemo Moi, Maseno, Daystar na Multimedia, vinafunza taaluma hii au zile zinazokaribiana nayo.

Kwa kawaida, anayelenga shahada huhitaji alama ya wastani ya C+ katika KCSE, naye wa stashahada C-. Aidha, vyuo vingi huweka masharti ya ziada kuhusu alama za Kiswahili au Kiingereza. Shahada huchukua miaka minne, ilhali stashahada huchukua miaka miwili hadi mitatu.

Kabla ya kulipa hata shilingi moja, mzazi athibitishe kuwa chuo kinatambuliwa kisheria. Vyuo vikuu huidhinishwa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu (CUE), navyo vyuo vya kadri vinavyotoa stashahada na vyeti husajiliwa na mamlaka inayosimamia elimu ya kiufundi, TVETA. Usajili wa chuo pekee hautoshi. Ni lazima kozi yenyewe iwe imeidhinishwa. Isitoshe, mzazi akizuru chuo aulize kama kuna studio inayofanya kazi, gazeti au redio ya wanafunzi, na wahadhiri waliowahi kuifanya kazi hii. Picha za studio kwenye kijikaratasi cha matangazo si ithibati.

Wanafunzi wengi huyaona masomo ya sheria na maadili kuwa mzigo wa kukaririwa kwa ajili ya mtihani. La hasha! Ripota anapoandika kwamba polisi wamemnasa "mwizi", huwa tayari amempokonya mtu huyo haki ya kuchukuliwa kuwa hana hatia hadi mahakama iamue, haki iliyomo katika Kifungu cha 50 cha Katiba ya 2010. Neno sahihi ni "mshukiwa". Kosa hilo dogo likiponyoka meza ya uhariri, gazeti laweza kushtakiwa kwa kumharibia mtu jina. Hali kadhalika, mtoto aliyenajisiwa hatajwi jina, wala hafichuliwi kwa kutajiwa mzazi au shule.

Hesabu pia haikwepeki. Ushuru ukipanda kutoka asilimia 10 hadi 15, haujaongezeka kwa asilimia 5, bali kwa pointi 5 za asilimia, yaani nusu ya kiwango cha awali. Mwanahabari asiyeitambua tofauti hiyo atawapotosha wasomaji pasipo kukusudia.

Hata hivyo, upungufu unaojitokeza zaidi mezani pa mhariri msanifu ni wa lugha. Wahitimu wengi huwaza kwa Kiingereza kisha wakafasiri neno kwa neno. Ndiposa tunasoma kuwa polisi "walifungua moto" badala ya kufyatua risasi, au kwamba "mwisho wa siku" serikali ilikubali, ilhali mwandishi alimaanisha hatimaye. Anayetaka kuandika au kutangaza kwa Kiswahili asome isimu na fasihi, na awe na kamusi karibu. Fauka ya hayo, ajifunze taaluma nyingine, kama vile uchumi, afya, kilimo au takwimu, kwani mhariri humthamini ripota anayeielewa bajeti kuliko anayejua tu kuinukuu.

Mazoezi ya nyanjani, ambayo aghalabu huchukua miezi mitatu, ndiyo mizani halisi ya mafunzo. Mwanagenzi asingoje mwaka wa mwisho ndipo aanze kuandika. Aandike mapema, ahifadhi kazi zake, na akubali kurekebishwa. Anayenuna taarifa yake inapofupishwa hataweza kudumu katika kazi hii.

Akishaingia kazini, hujisajili kwa Baraza la Vyombo vya Habari, linalohudumu chini ya Sheria ya mwaka 2013, ili apewe kitambulisho cha uanahabari. Kitambulisho hicho hufanyiwa upya kila mwaka.

Yafaa pia ukweli kuhusu ajira usemwe waziwazi. Vyombo vya habari vimewapunguza wafanyakazi mara kadhaa katika miaka ya hivi karibuni, huku matangazo ya biashara yakihamia mitandaoni. Waandishi wengi wa mashinani hulipwa kwa kila taarifa inayochapishwa, wala hawana mshahara wa kila mwezi. Aidha, programu za akili mnemba sasa zaweza kuandika taarifa fupi kwa sekunde chache, ila haziwezi kukaa mahakamani kutwa nzima wala kumshawishi mjane wa fidia ya ardhi aeleze yaliyomsibu.

Hiyo ndiyo kazi ambayo chuo chapaswa kumwandalia mwanafunzi. Basi mzazi anayemwona mwanawe akisoma magazeti kila siku, akiuliza maswali na kuandika bila kusukumwa, asisite kumgharimia. Lakini ikiwa kinachomvutia kijana ni kuonekana kwenye runinga tu, ni heri wazungumze kwanza, kabla shamba halijauzwa.