Kipande Kabla ya Kidakuzi

Faili ndogo ambayo tovuti humwachia mgeni ili imtambue arudipo, iliyobuniwa na Lou Montulli mwaka 1994, imepewa jina la kidakuzi. Jina hilo lakumbusha mdaku. Nairobi ilikuwa na jina sahihi zaidi. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, sheria ya usajili ya 1915 ilipoanza kutekelezwa, mwanamume Mwafrika aliyetoka Dagoretti kutafuta kazi mjini alibebeshwa kipande, kikining'inia shingoni katika kikebe cha chuma: alama za vidole, majina ya waajiri, ujira. Mkumbukwa ndiye aliyechukua kumbukumbu, ila wasomaji wake walikuwa wengine. Tarehe 16 Machi 1922 umati uliodai Harry Thuku afunguliwe ulipigwa risasi penye kituo cha polisi. Kipande kilikuwamo katika manung'uniko yao. Kikebe hicho, angalau, mwenyewe alikihisi kifuani.