Vikaragosi na Historia ya Mlimani

Zitajwapo zama za kati, wengi wetu huona akilini ngome za Ulaya na askari waliovaa deraya, kwa kuwa sinema zimetuonyesha hayo mara nyingi. Lakini mwaka 1331, Ibn Battuta alipofika Kilwa, nchi yetu nayo ilikuwa na wakulima, wafugaji na wahunzi wake. Hapana budi tujiulize ni kwa njia gani tutawaonyesha vijana maisha ya watu hao.

Njia mojawapo ni sinema ya vikaragosi. Fundi hufinyanga au huchonga sanamu ndogo, huiweka mbele ya kamera na kupiga picha moja. Kisha huisogeza kidogo na kupiga nyingine. Kwa kuwa kila sekunde ya sinema huhitaji picha 24, dakika moja ni picha 1,440. Kazi hii yataka subira, na Waafrika wenzetu wameiweza. Moustapha Alassane wa Niger alitoa *Samba le Grand* mwaka 1977, akisimulia hekaya ya shujaa wa kale. Jean-Michel Kibushi wa Kongo alianzisha studio ya Malembe Maa mwaka 1988. Na neno *malembe*, kwa Kilingala, ni polepole. Mwaka 2004 alitoa *Prince Loseno*, habari za ufalme wa kabla ya ukoloni.

Kwa mwanafunzi wa historia, sanaa hii ina faida kubwa. Apigaye picha barabarani Bomang'ombe atapata mabati na nguzo za umeme hata asipovitaka. Fundi wa vikaragosi, kinyume chake, hupata kile tu alichokitengeneza. Hivyo kila chungu akiwekacho ni dai la kihistoria, naye yampasa kulitolea ushahidi.

Tuchukue mfano wa wanafunzi wa Bomang'ombe wanaotaka kuonyesha ua wa mlimani katika karne ya 14. Je, waweke mibuni? La, kahawa ililetwa Kilema na wamisionari Wakatoliki mwishoni mwa karne ya 19. Mahindi, maharage na tumbaku navyo viondolewe, maana asili yake ni Amerika, na havikuvuka bahari kabla ya safari ya Columbus ya mwaka 1492. Hata jina Mchagga litumiwe kwa hadhari, kwani zamani watu walijitambua zaidi kwa koo na kwa nchi zao ndogo ndogo. Lakini ulezi na ubaki, kwa kuwa ni nafaka ya Afrika tangu kale. Wabaki pia ng'ombe na mbuzi, mikuki ya chuma na vyungu vya udongo.

Zoezi hili hutufunza kwamba mengi tuyaitayo ya asili yalitujia baadaye. Jambo hilo halitupunguzii heshima. Wazee wetu walipokea mbegu za kigeni, wakazipanda vihambani mwao, wakazifanya zao. Utamaduni wa Taifa ni kazi ya watu wanaochagua, si mali iliyofungiwa sandukuni.

Walimu, basi, wasingoje studio kubwa. Udongo, magome ya migomba na kamera ya simu vyatosha kwa kuanzia. Wanafunzi na wawaulize wazee wa Machame na Kibosho, walinganishe majibu na vitabu, ndipo wafinyange.