Mtumbwi Uliokosewa Vipimo

Mtu ana chui, mbuzi na mzigo wa majani. Mbele yake kuna mto, na mtumbwi uliopo unambeba yeye na kimoja tu kati ya vitatu hivyo. Akiwaacha chui na mbuzi peke yao, mbuzi ataliwa. Akiacha mbuzi na majani, majani yataliwa. Avuke vipi?

Wengi waliopita shule ya msingi wamewahi kutegewa fumbo hili, kama si na mwalimu basi na kaka aliyetaka kuwaumbua mbele ya wenzao. Jibu lake halina ubishi. Anamvusha mbuzi kwanza, anarudi peke yake, anamchukua chui. Akifika ng'ambo anamshusha chui na kumrudisha mbuzi alikotoka. Hapo anamwacha mbuzi, anavusha majani, kisha anarudi kumfuata mbuzi. Safari saba, hakuna aliyeliwa.

Lisimulie fumbo hilo Mbuba, wilayani Ngara, na naamini swali la kwanza halitahusu safari. Litamhusu chui: mtu anampeleka wapi? Watu wa upande huu wa Kagera wanajua kuvusha mzigo, maana wilaya yao imepakana na Burundi na Rwanda na mito imo katikati ya maisha yao. Ruvubu, ambayo wengi wanaiita Ruvuvu, inatoka Burundi na kuungana na Kagera umbali mfupi kabla ya maporomoko ya Rusumo. Hapo Rusumo ndipo Mjerumani Gustav Adolf von Götzen alipovuka na msafara wake tarehe 2 Mei 1894 kuingia Rwanda. Miaka mia moja baadaye, mwishoni mwa Aprili 1994, wakimbizi wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuja Ngara katika muda wa saa 24 hivi. Mwaka 2016 Rais John Magufuli na Rais Paul Kagame walizindua daraja jipya mahali hapo. Penye kumbukumbu za namna hiyo, anayetega fumbo la kuvuka mto anasikilizwa kwa makini, na akikosea hesabu atajulikana mara moja.

Na watungaji wa mafumbo haya wamekosea sana. Tena katika karne zaidi ya kumi na mbili, kosa lao kubwa limekuwa moja: kupima vibaya mtumbwi.

Mkusanyiko wa zamani kabisa unaojulikana wenye mafumbo ya kuvuka mto uliandikwa kwa Kilatini na unahesabiwa kuwa wa Alcuin wa York, mwalimu katika baraza la mfalme Charlemagne, aliyefariki mwaka 804. Una mafumbo zaidi ya 50, ya kuwanoa vijana akili. Humo chui ni mbwa mwitu na majani ni kabichi, lakini safari ni zilezile saba. Lipo pia fumbo la wanaume watatu, kila mmoja na dada yake, ambao wanapaswa kuvuka kwa mtumbwi wa watu wawili bila dada yeyote kubaki na wanaume wengine wakati kaka yake hayupo. Hilo linahitaji safari 11.

Kinachonivutia zaidi kwa Alcuin hakina mto ndani yake. Ni fumbo la nguruwe 300. Mwenye nguruwe aliagiza wachinjwe wote kwa siku tatu, na kila siku idadi iwe witiri, yaani isiyogawanyika kwa mbili. Wachinjwe wangapi kila siku? Mwanafunzi anaweza kuhangaika usiku kucha. Witiri tatu zikijumlishwa hazitoi shufwa hata siku moja, kwa hiyo 300 haipatikani. Na mtungaji anakiri mwenyewe chini ya fumbo lake kwamba halina ufumbuzi, limewekwa kwa ajili ya kuwakemea watoto tu. Kila mwalimu aliyewahi kuwa na darasa lenye kelele atamwelewa. Lakini kama fumbo, sijui kama lilifika mbali. Mtoto aliyedanganywa hivyo mara moja, kesho yake atakuwa na sababu ya kutohangaika na lolote atakalopewa.

Alcuin alishindwa kwa makusudi. Niccolò Tartaglia, mwanahisabati wa Italia, alishindwa bila kujua. Kufikia wakati wake kaka na dada walikuwa wamegeuka kuwa waume wenye wivu na wake zao. Katika kitabu chake kikubwa cha hesabu kilichotoka mwaka 1556, Tartaglia aliona jozi tatu ni chache. Akaongeza ya nne, akaacha mtumbwi uleule wa watu wawili, akadai kwamba wote wanane wanaweza kuvuka. Hawawezi. Mfaransa Claude-Gaspar Bachet, katika kitabu chake cha mafumbo ya mwaka 1612, ndiye aliyeonyesha kosa hilo. Tartaglia hakupata nafasi ya kujitetea, alikuwa amefariki tangu 1557. Na huyu si mtu mdogo: ndiye aliyegundua kwa jitihada zake njia ya kutatua milinganyo migumu ambayo wenzake walishindana nayo hadharani. Ila mtu akishasuka fumbo zuri la jozi tatu, ni rahisi kudhani kwamba la jozi nne litajisuka lenyewe.

Fumbo la Tartaglia liliponywa mwaka 1879, karne tatu baadaye. Mfaransa de Fontenay alipendekeza kuweka kisiwa katikati ya mto. Watu wakipata pa kupumzikia, jozi nne zinavuka, na hata tano au sita. Mtumbwi haukuguswa, mto ndio uliobadilishwa. Wavuvi wa mito yenye visiwa wasingehitaji mwanahisabati wa kuwaambia faida yake.

Pwani yetu nayo ina toleo lake. Marcia Ascher, mwanahisabati Mmarekani aliyetumia miaka mingi kusoma hesabu zilizomo katika mila za watu mbalimbali, alikusanya matoleo ya Afrika ya fumbo hili katika makala ya mwaka 1990. Kuna la Algeria lenye mbweha, mbuzi na tita la nyasi. Kuna la Liberia lenye mchele. Na kuna la Zanzibar, lililomo ndani ya hadithi: mgeni anafika kwa sultani, anakataa kulipa kodi, na anapewa mtihani wa kuvusha chui, mbuzi na majani ya mti mpaka kwa mtoto wa sultani. Tofauti ni kwamba chombo cha Zanzibar kinambeba yeye na vitu viwili.

Nafasi hiyo moja ya ziada inaliua fumbo. Mgeni anachotakiwa kufanya ni kutomwachia mbuzi kamba. Anapanda na mbuzi na chui, anamshusha chui ng'ambo, anarudi na mbuzi, anachukua majani, anavuka. Safari tatu badala ya saba, na mtu wa Mbuba aliyewahi kuvusha mbuzi mmoja angeipata kabla msimulizi hajamaliza kueleza. Kwa kipimo cha wanahisabati, hili ndilo dhaifu kuliko yote. Kwangu mimi, aliyelisimulia hakuwa na haja ya ugumu. Hadithi inamhusu mtawala anayedhani amemkomoa mtu, na msikilizaji anatakiwa ajue jibu mapema ili acheke pamoja na mgeni. Ukilitoa ndani ya hadithi na kuliandika ubaoni kama hesabu, hakuna kinachobaki.

Vitendawili vinaendeshwa kwa sheria nyingine. Ukiwa upande wa Burundi, mtegaji anasema «Sokwe» na wenzake wanaitikia «Niruze». Rwanda wanasema «Sakwe sakwe» na kuitikiwa «Soma». Kwa Kiswahili, kila mtoto wa Tanzania anajua: «Kitendawili!» «Tega!» Wahangaza na Wasubi wa Ngara, ambao lugha zao ni ndugu wa karibu wa Kirundi na Kinyarwanda, wamekulia katikati ya miito hiyo. Sasa angalia kinachotokea mtegaji anapotega kibovu. Chukua kile cha siku zote, kwamba popote niendapo ananifuata. Jibu linalokubalika ni kivuli. Mtoto mjanja atasema inzi, mwingine atasema jina lake, na wote wawili wana haki. Lakini mtegaji anakataa, anadai apewe mji, anapewa Mwanza au Bukoba, anasimulia jinsi alivyopokewa huko, kisha anatoa jibu lake. Mji umeshakwenda. Kitendawili kilichoshindwa kinamlipa mtungaji sawasawa na kilichofaulu, na huenda ndiyo maana vibovu vingi vimedumu vizazi na vizazi. Fumbo la mto halina huruma hiyo. Anayebisha huweka mawe matatu na kipande cha gome chini, anaanza kuvusha, na baada ya dakika chache kila mtu anaona kama inawezekana au la.

Hata hivyo, alitokea mtu wa kugeuza kutowezekana kwenyewe kuwa biashara. Mapema mwaka 1880 Marekani na Ulaya zilipagawa na kisanduku chenye vipande 15 vya mbao vyenye namba, na nafasi moja tupu ya kuvitelezesha. Kazi ilikuwa kuvipanga kwa mfuatano, ukianza na namba 14 na 15 zikiwa zimebadilishana nafasi. Aliyekibuni anatajwa kuwa Noyes Chapman, mkuu wa posta wa mji mdogo wa Canastota, jimbo la New York. Lakini Sam Loyd, mtungaji mashuhuri wa mafumbo wa Marekani, alianza kudai mwaka 1891 kwamba ni chake, na baadaye akatangaza zawadi ya dola 1,000 kwa atakayepanga 14 na 15. Pesa zake zilikuwa salama kabisa: tangu mwaka 1879 William Johnson na William Story walikwisha kuthibitisha katika jarida la hisabati kwamba jambo hilo haliwezekani. Fumbo lisilo na jibu, la mtu mwingine, likawa mtaji wa jina lake. Alcuin angalau alikiri ukweli chini ya fumbo lake.

Narudi kwenye mto, kwa sababu toleo nililolipenda kuliko yote liko kusini kwetu. Waila wa Zambia wanaishi kando ya mto Kafue. Mwaka 1920 mmisionari Edwin Smith na Andrew Murray Dale, aliyekuwa hakimu wa kikoloni, walichapishiwa London kitabu cha majuzuu mawili juu yao, na katika simulizi za Waila limo fumbo la mtu mwenye mizigo minne: chui, mbuzi, panya na kikapu cha mahindi. Mtumbwi unambeba yeye na kimoja tu.

Jaribu. Ukiondoka na mbuzi, chui anamla panya. Ukiondoka na chui, mbuzi na panya wanashindania mahindi. Ukiondoka na panya, chui anamla mbuzi. Ukiondoka na kikapu, chui ana karamu ya nyama mbili. Hata safari ya kwanza haianzi. Mwenye mizigo anawaza amwache panya au chui nyuma moja kwa moja, ili wanaobaki wavukike. Kisha anaona hawezi, wanyama hao ni kama watoto wake. Anaamua kubaki alipo.

Wanahisabati wakisoma hivyo hutabasamu na kuliweka kando kama fumbo lililomshinda mwenyewe. Mimi naona aliyelitunga alijua alichofanya. Mizigo hiyo minne imefungwa kwa duara: chui anamla mbuzi, mbuzi anakula mahindi, mahindi yanaliwa na panya, panya analiwa na chui. Toa yeyote mmoja, si lazima panya au chui, nawe umelipata fumbo lile la safari saba. Waila hawakuongeza mzigo wa nne ovyo kama Tartaglia alivyoongeza jozi yake. Waliweka mzigo pekee unaofunga duara, wakahakikisha kwamba njia ya kuvuka ni kuacha kimoja nyuma, halafu wakamwacha mtu akatae. Swali halikuwa la mtumbwi tena. Msikilizaji wa Ngara aliyewaona watu wa mwaka 1994 wakivuka na watoto mgongoni hahitaji kuelezwa kwa nini mtu anaweza kulijibu fumbo hivyo.

Lakini kwa anayetaka kuvuka, kuna njia ambayo nimeipata kwa kuweka matoleo mawili pamoja. Fumbo la Zanzibar lina chombo kikubwa kuliko mzigo wake. Fumbo la Waila lina mzigo mkubwa kuliko chombo chake. Mpe Mwila mtumbwi wa Zanzibar wenye nafasi mbili. Aanze na chui na kikapu cha mahindi, na kando ya kwanza wabaki mbuzi na panya, ambao hawalani. Ng'ambo amwache chui na mahindi, maana chui hali mahindi. Arudi peke yake, apakie mbuzi na panya, avuke. Safari tatu, na hakuna wa nyumbani aliyeachwa. Ni gumu kuliko la Zanzibar, maana wengi wataanza kwa kumkamata mbuzi kama walivyozoea, na wasipompakia pamoja na panya, hapohapo watakuwa wamepoteza panya au mahindi.