Mnyonge Mnyongeni, Haki Yake Mpeni

Leo twende Mohoro, Rufiji. Hapo, tarehe 4 Agosti 1905, Wajerumani walimnyonga Kinjikitile Ngwale, mganga wa Ngarambe aliyewagawia watu maji ya vita. Mkoloni hakujiona ana deni la maelezo kwa aliowatawala.

Serikali yetu wenyewe tuliitazamia iwe tofauti. Mwaka 1976, huko Mwanza na Shinyanga, wanakijiji walikamatwa kwa tuhuma za mauaji yaliyohusishwa na uchawi. Waliteswa wakihojiwa, na baadhi yao wakafa mikononi mwa dola. Waziri wa Mambo ya Ndani alikuwa Ali Hassan Mwinyi, mzaliwa wa Mkoa huu huu wa Pwani. Yeye hakumpiga mtu. Lakini wizara ilikuwa yake, na Januari 1977 akajiuzulu. Mwaka 1985 akawa Rais wa Muungano. Kuwajibika hakukumshushia heshima.

Nayakumbuka haya kila nikisikia Kibiti ikitajwa. Mwaka 2017 polisi wanane waliuawa huko kwa siku moja. Msako ukafuata, na zipo familia zinazosema ndugu zao walichukuliwa wasirudi. Novemba mwaka huo akatoweka Azory Gwanda, mwandishi aliyekuwa akiripoti mauaji hayo.

Sisemi wauaji wa askari waachwe. Nasema aliyekamatwa, hata akiwa mvuvi wa delta asiye na wakili, lazima awepo wa kumjibia: nani alimchukua, na yuko wapi? Mwaka 1977 swali la namna hiyo lilifika mezani kwa waziri, naye akalijibu kwa kuacha kiti. Je, la Kibiti limefika meza ya nani?