Mlango wa 8080

Mama wa Kigera akijifungua kituoni, uzazi wake huandikwa kwa kalamu katika daftari la MTUHA. Mwisho wa mwezi mistari ya daftari hujumlishwa, na jumla hupelekwa halmashauri. Baada ya hapo, nani mwingine anaweza kuiona?

Historia ya jibu inapita Afrika Kusini, ambako programu ya DHIS ilizaliwa baada ya 1994. Toleo la pili, DHIS2, liliandikwa upya kwa lugha ya Java chini ya uongozi wa Chuo Kikuu cha Oslo. Lilikuwa na kifurushi cha kubebeka: ukikifungua, seva ndogo ya Jetty na hifadhidata ya H2 huamka humohumo ndani ya programu. Kivinjari unakielekeza kwenye "localhost", mlango namba 8080, na kazi inaanza. Kwa ofisi isiyo na intaneti, hii ilikuwa neema.

Neema hiyo ilikuwa na mpaka. "Localhost" maana yake ni hapahapa. Anwani yake, 127.0.0.1, ni jina ambalo kila kompyuta hujiita yenyewe. Ofisa wa chumba cha pili akiiandika, atajikuta kwenye mashine yake mwenyewe. Ili aingie, seva sharti isikilize kwenye anwani ya mtandao, ulinzi wa kompyuta uruhusu mlango ule, naye awe na jina na nywila. Na mwenye kompyuta akiizima jioni, wote wanabaki nje.

Mwaka 2009 nyaya za SEACOM na TEAMS zilifika pwani ya Afrika Mashariki. Mwaka 2011 Kenya ikaamua kutofunga programu hiyo wilaya baada ya wilaya. Iliweka seva moja kuu, na maofisa wakaifikia kwa modemu za simu. Tanzania nayo ikaieneza DHIS2 nchi nzima kufikia 2013.

Nyaya zilileta njia, lakini hazikuamua nani apewe nywila. Uamuzi huo ni wa watu. Leo takwimu ya Musoma inaweza kusomwa Dar es Salaam siku ileile inapoingizwa. Muuguzi aliyeiandika kwa mkono, asipopewa akaunti, bado yuko nje ya mlango, na namba zilizo ndani ni zake.